Ile tiki kwenye chati niliweka mimi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Najua kurasa ni chache na mimi nina mengi, ukiona nimezidi kata tu, ila tafadhali usikate pale kwenye hesabu.

Nimesoma barua ya dada mmoja aliyelalamika kuwa mama yake mzazi alilazwa wodini, akakaa kwenye shuka lililoloa karibu masaa mawili, na yeye alipotoka kutafuta mtu akawakuta hao wasaidizi wawili wa manesi wamekaa wanacheka. Akamalizia kwamba kazi hii saivi inafanywa na watu wasio na utu. Dada yangu, kwanza pole sana kwa mama. Sina ubishi kuhusu lile shuka. Mimi mwenyewe ni nesi msaidizi, mwaka wa 11 huu, na mashuka ya namna hiyo nimeshayaacha, tena si mara moja. Nataka nikueleze tu yanaachwaje.

Hilo la kucheka nalipitia haraka. Ukiona wasaidizi wawili wamekaa kwa pamoja wodini ujue inawezekana ndo mara ya kwanza tangu waingie, na hapo wanasikiliza miguu inavyowaka. Tunacheka sana ni kweli, tunachekea hata visivyochekesha, mtu asiyeshinda na haja za watu wengine mikononi hawezi kujua kicheko kile kinatoka wapi. Wangekuwa wamenuna nako ungeandika wamenuna.

Sasa twende kwenye hesabu. Mtu akitaka kujua wodi ina kazi kiasi gani anauliza ina vitanda vingapi, na rosta yetu ya zamu inapangwa hivyo hivyo, vitanda 28, wasaidizi 2, basi imeisha. Lakini kitanda hakina kazi jamani, kitanda kinakaa tu, kazi iko kwenye mwili uliolala juu yake. Wapo wagonjwa wanaoamka wenyewe wanaenda bafuni wanarudi wanakuuliza na wewe umeamkaje, hao hata wakiwa 20 ni baraka. Alafu wapo tunaowaita wasiojigeuza. Aliyepooza upande, aliyevunjika nyonga, bibi ambaye nguvu zimemwisha kabisa, kijana aliyeumia uti wa mgongo. Mtu wa hivyo akilalia sehemu moja muda mrefu mfupa unaibana nyama kati yake na godoro, damu haipiti, nyama inaanza kufa taratibu, na mara nyingine inaanzia huko ndani wakati ngozi juu bado unaiona nzima. Ndo maana wodi nyingi zimezoea kumgeuza kila masaa 2, ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia, tena upya.

Chukua siku ya kawaida kabisa, zamu ya masaa 12, wasiojigeuza wako 9. Kila mmoja ageuzwe mara 6, hiyo ni mara 54. Kumgeuza mtu vizuri, sisemi kumburuta, kunataka watu 2, na ukimkuta kaloa umsafishe umkaushe ubadili shuka yeye akiwa humo humo kitandani, uweke mto katikati ya magoti, visigino uviinue visiguse godoro, uangalie ngozi, uangalie mrija wa mkojo usiwe umejikunja chini yake, umfunike, umwambie samahani baba tumemaliza. Nikisema dakika 10 nawapendelea waajiri. Mara 54 kwa dakika 10 ni dakika 540, yaani masaa 9, na hayo ni masaa 9 ya watu wote wawili. Tuseme kati ya wagonjwa wale, 6 hawawezi kushika kijiko. Mtu mwenye shida ya kumeza huwezi kumharakisha, anapaliwa, chakula kinashuka kwenye mapafu unamletea nimonia. Weka dakika 20 kila mmoja, mara 3 kwa siku, ni dakika 360. Nagawana na mwenzangu, masaa 3 kila mtu.

9 na 3 ni 12. Zamu imeisha.

Hatujaogesha mtu. Hatujapima presha wala joto la mtu hata mmoja. Hatujapeleka damu maabara, hatujamsukuma mtu kwenye kiti cha magurudumu kwenda kupiga picha ya kifua, hatujapokea mgonjwa mpya, hatujatoa bedpani, hatujamwandaa marehemu, hatujajibu ndugu hata mmoja anayeuliza dokta anakuja saa ngapi, na mimi na mwenzangu hatujala wala hatujaenda chooni. Na mikono je? Shirika la Afya Duniani linaelekeza kusugua mikono kwa dawa ya spiriti kuchukue sekunde 20 mpaka 30, na kwa maji na sabuni 40 mpaka 60. Nachukua ile fupi kuliko zote, sekunde 20, kabla na baada ya kila kumgeuza mtu, mara 108, jumla dakika 36. Kwenye hesabu yangu ya juu hizo dakika 36 hazimo. Nilizisahau, kama wanavyozisahau wanaopanga rosta.

Na hapo nimehesabu kana kwamba tuko wawili zamu nzima. Simu ya ukutani inalia, wodi ya pili mtu hajafika, mmoja wenu aende akasaidie mara moja. Hiyo mara moja yao inaishaga jioni. Anayebaki anabaki na 54 yake.

Kwaiyo dada, lile shuka la mama yako halikusahaulika, lilikuwa kwenye foleni. Kuna mtu alijua limeloa, akapiga hesabu kichwani nani atangulie, yule anayepaliwa au mama aliyeloa au mzee anayetaka kushuka kitandani ataanguka, mama akawa wa tatu. Sikwambii ili usikasirike, kasirika tu, ila ujue hiyo foleni ipo na kila siku tunaipanga sisi, watu ambao kwenye karatasi za wodi hawana mamlaka ya kupanga chochote.

Sasa nifike pale kilichonifanya niandike hii barua badala ya kulala maana nimetoka zamu.

Wodini kuna chati ya kumgeuza mgonjwa. Ina viboksi, usiku inakuwa saa 2, saa 4, saa 6, saa 8, saa 10, saa 12 asubuhi, ukimgeuza unaweka tiki na herufi za jina lako. Usiku mmoja, miaka kadhaa imepita, nilibaki peke yangu na wasiojigeuza 9. Mmoja alikuwa mzee mrefu mkubwa wa mwili, karibu kilo 100, mstaarabu sana, hata ukimchoma kwa bahati mbaya yeye ndo anakuomba radhi. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani, taasisi inaitwa NIOSH, wanasema uzito ambao mtu mmoja anaweza kuubeba kwa mikono anapomhudumia mgonjwa, tena mazingira yakiwa mazuri, usizidi paundi 35, yaani kama kilo 16. Mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 100 unafika hapo. Saa 2 nilimgeuza kwa msaada wa nesi wa zamu, saa 4 nikamwomba ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pembeni, saa 6 nikamsukuma mwenyewe nikasikia kitu kiunoni kimelia. Saa 8 nesi alikuwa na mgonjwa anayetapika damu, nisingemwita. Nikapita kwenye kitanda cha mzee nikamwangalia, kalala, nikaenda. Saa 10 vile vile. Saa 11 na nusu nikakaa chini na mafaili nikajaza chati zote kwa mkupuo mmoja, saa 8 tiki, saa 10 tiki.

Alilala chali masaa 6.

Nilitiki kwa sababu kwetu kiboksi kitupu ni kosa lako na kiboksi chenye tiki ni kazi nzuri, hakuna kitu cha katikati. Hamna sehemu ya kuandika "nilikuwa peke yangu". Nilishawahi kuacha wazi zamani nikiwa mgeni, inchaji, yaani nesi msimamizi wa wodi, akaniita mbele ya wanafunzi akaniuliza usiku nilikuja kulala au kufanya kazi. Toka siku ile nikajifunza kutiki, na nikija kuwaambia wenzangu wapya wanacheka kwa aibu, najua na wao wameshajifunza.

Siku 4 baadaye yule mzee ngozi ilifunguka, pale chini mwisho wa mgongo kwenye mfupa. Sisemi ni usiku wangu peke yake, huenda na wengine walitiki kama mimi, na mzee mwenyewe alikuwa hali vizuri, mtu asiyekula vizuri ngozi yake haivumilii. Lakini nilijua. Kilifanyika kikao, wakaitwa manesi, akaja matroni, chati ikaletwa mezani ikapitiwa, imejaa tiki mwanzo mwisho haina kasoro. Wakahitimisha kwamba mgonjwa aligeuzwa ipasavyo, kidonda kimetokana na umri na hali yake. Hakuna aliyelaumiwa. Mimi sikuitwa, nilikuwa nje nakusanya mashuka machafu nasikia kwa mlangoni.

Watu wakisikia hivi wanadhani nilifurahi kupona. Miezi michache mbele tukaomba tuongezewe mtu wa tatu, tukajibiwa kwa upole kabisa kwamba kumbukumbu zinaonyesha kazi zote zinafanyika kwa wakati na idadi iliyopo. Hapo ndo nilielewa nilichofanya. Zile tiki zangu na za wenzangu ndo ushahidi kwamba wawili wanatosha, na hata mmoja anatosha. Tumeusaini wenyewe, kila masaa mawili, kwa kalamu yetu.

Ndo maana nasema kila mtu anatenganisha mambo mawili ambayo mimi siwezi kuyatenganisha, wingi wa kazi na kuheshimiwa. Wanasema heshima ni tabia, tutafanya semina, kazi nyingi ni bajeti, tutaona mwaka ujao. Mimi naona ni kitu kimoja. Mtu unayemheshimu ukikuta kiboksi chake kitupu unamuuliza kulikuwa na nini jana. Usiyemheshimu unamwambia jaza.

Angalia ripoti ya asubuhi, pale zamu inapopokezana. Manesi wanazunguka kitanda kwa kitanda, huyu kalala vizuri, huyu dripu yake imeisha saa ngapi. Sisi tunaambiwa tukaanze mabeseni. Mtu aliyemshika huyo mgonjwa mwilini mara 6 usiku kucha hayupo kwenye mazungumzo yanayomhusu mgonjwa huyo. Wakati kidonda cha kulalia dalili yake ya kwanza iko chini ya mkono wangu, si kwenye faili. Vitabu vinasema uangalie wekundu usiopotea ukiubonyeza kwa kidole, sawa, ila kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, unachokuta ni pale mahali pana joto kuliko pembeni yake au pamekuwa pagumu au palaini kama embe bovu au rangi imeiva tofauti, na mgonjwa anashtuka ukigusa. Hiyo unaijua kwa kiganja. Na ukiikuta husugui, kuna watu wanasugua na mafuta kwa nguvu wakidhani wanarudisha damu, wanaharibu zaidi, unachotakiwa ni kumtoa hapo asipalalie. Haya yote mimi nilifundishwa na mama mmoja msaidizi aliyekaribia kustaafu, ndani ya siku 2, tukiwa tunatembea. Marekani kuna sheria ya mwaka 1987 inayotaka msaidizi wa kwenye nyumba za kutunzia wazee afundishwe si chini ya masaa 75 kabla ya kuhesabika, na huko nako watu wanasema hayatoshi.

Kuna bibi tulikuwa naye, mcheshi, kila nikiingia ananitania kwamba nimeolewa na wodi. Siku moja mchana naingia ananiita jina silijui, anavutavuta uzi wa shuka, anatazama ukutani kama kuna watu. Nikaenda kusema. Nikasema sista yule bibi leo si yeye. Akaniuliza presha yake ngapi, nikamwambia iko sawa, akaniambia basi kabadilishe kitanda namba 7. Sikumlaumu sana, alikuwa na wagonjwa 28 na dawa za saa 8 hajamaliza. Nikamwambia daktari kijana aliyekuwa anapita, akanitazama kwenye beji kwanza kabla ya kunitazama usoni. Usiku ule bibi homa ikapanda, kumbe ana maambukizi ya mkojo, na mzee akipata maambukizi mara nyingi anachanganyikiwa kabla hata homa haijaonekana, hilo nililijua baadaye ila kwamba bibi si yeye nilijua saa 9 mchana. Alipona, nashukuru. Hakuna aliyerudi kuniambia ulisema kweli. Sikuhitaji zawadi, nilihitaji tu siku nyingine nikisema mtu si yeye aje mtu aangalie.

Na majina. Nimeitwa we dada wa beseni, nimeitwa nyie wa mashuka, nimepigiwa vidole vile vya kuita mtu kwa mbali, kuna ndugu wa mgonjwa alinisukuma kifuani kwa sababu dawa haijaja na mimi dawa siruhusiwi hata kuishika. Nilipotoa taarifa nikaulizwa ulimjibuje. Shirika la Kazi Duniani mwaka 2019 lilipitisha mkataba namba 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, na unahesabu hata ule unaotoka kwa watu wa nje kama wateja na wagonjwa. Kabla ya hapo kuna namba 149 wa mwaka 1977 wa wauguzi, unaogusa ngazi zote za wanaotoa huduma ya uuguzi, sisi wa chini kabisa tukiwemo, na unataka watu hao washirikishwe kwenye mipango na maamuzi yanayowahusu. Niliusoma kwenye simu nikiwa kwenye benchi la stoo. 1977, hata mimi sijazaliwa.

Tarehe 12 Mei ni siku ya wauguzi duniani, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Kila mwaka siku hiyo tunaombwa tubaki wodini ili wauguzi waende kwenye sherehe. Tunabaki. Zinasomwa hotuba kuhusu huduma ya kando ya kitanda, na kando ya kitanda tupo sisi.

Naomba nisieleweke vibaya hapa maana najua manesi watasoma. Wengi wao wanapigika kuliko sisi, na mimi sitaki mtu asome barua hii aseme ahaa basi tuongeze wasaidizi tupunguze manesi, maana wasaidizi ni bei rahisi. Hapana. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliangalia hospitali nyingi za Pennsylvania ukakuta kila mgonjwa mmoja akiongezeka kwa nesi mmoja, uwezekano wa wagonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Mimi nikiona dripu imesimama siwezi kujua moyo unafanya nini, nesi anajua. Anayeninyima salamu asubuhi mara nyingi naye kanyimwa na mwingine juu yake, kunyimana huko kunashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwangu, na baada yangu kunamkuta mama mwenye shuka lililoloa, maana na mimi nina mdomo na siku nyingine nimejibu wagonjwa vibaya. Na wapo kati yetu wavivu tu, wapo wa simu mkononi zamu nzima, siwatetei, nimefanya nao kazi najua wanavyochosha.

Ninachoomba ni vidogo. Naomba kwanza tuachiwe ruhusa ya kuacha kiboksi kitupu, na pembeni pawe na nafasi ya neno moja, peke yangu, dharura, mgonjwa kakataa, mashuka hamna. Asubuhi inchaji asome zile sababu kabla hajatafuta jina la mkosaji. Mwezi mmoja tu wa chati za ukweli utaonyesha wodi ina kazi kiasi gani kuliko semina 10. Wakisema chati yenye mapengo inaaibisha hospitali wageni wakija, mimi nauliza mgongo wa yule mzee haukuaibisha?

Alafu rosta ihesabiwe kwa wasiojigeuza, si kwa vitanda. Ni kuhesabu tu, kila zamu inapoingia mtu anapita anahesabu wangapi hawajigeuzi, wangapi wa kulishwa, dakika 5 imeisha. Siku wakiwa 3 mtuvute mtupeleke kokote tutaenda. Siku wakiwa 9 msimguse mtu.

Na ile mashine ya kunyanyulia wagonjwa ifunguliwe stoo. Ipo kwetu, imefunikwa nailoni, tangu ije hakuna aliyefundishwa kuitumia, imekuwa ya kutundikia makoti ya mvua. Hata kama mashine ni shida kuna lile shuka la kutelezeshea, kitambaa tu, unamsogeza mtu mzito bila kumburuta ngozi na bila kuacha kiuno chako hapo. Wenzangu wangapi wameondoka kazini wakiwa wameshika viuno, wanaandikiwa wameacha kwa hiari.

Hili la sindano naliweka hapa ingawa lina barua yake. Wasaidizi tunakunja mashuka yenye sindano zilizosahaulika humo, mimi imeshanichoma. Ukichomwa, dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inatakiwa uanze mapema iwezekanavyo, isivuke masaa 72, unameza siku 28. Mimi niliambiwa subiri zamu iishe kwanza hakuna wa kukushikia. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi 3, na kwenye orodha ya kuchanjwa tuliambiwa inaanza na wanaochoma sindano. Wanaochomwa nazo hatukuwemo.

Ripoti ya asubuhi nadhani nimeshaisema, tusimame pale na sisi, dakika mbili kwa kitanda haziui mtu. Hata kama tutaongea mara moja kwa wiki.

Dada uliyeandika kuhusu mama, siku ukirudi wodini usianze na kulalamika kwetu, si kwa sababu tunaogopa, ila sisi tunajua tayari. Uliza zamu hii mko wangapi na wasiojigeuza wako wangapi. Uliza kwa sauti, mbele ya inchaji, alafu uandike gazetini hizo namba mbili ulizojibiwa. Ndugu wa mgonjwa akiuliza anajibiwa, mimi nikiuliza naambiwa nina mdomo.

Mhariri sijaweka jina, jina mnalo nyie, sijali likikaa kapuni kwa sasa maana ile chati ya mzee nadhani bado iko kwenye makabati ya kumbukumbu na herufi zangu zipo. Saa 1 jioni naingia. Asubuhi natoka wasiojigeuza walikuwa 10, na mwenzangu ana ofu.

Ni mimi,
Nesi msaidizi, jina kapuni.